Chanjo na damu kuganda: ipi ina hatari hiyo, ipi haina, na maumivu gani ya kichwa usiyalalie

Ndiyo, zipo chanjo zilizosababisha damu kuganda, na wapo watu waliokufa kwa sababu hiyo. Naanza na hili kwa kuwa watu wa Tanga wamechoka kuambiwa "ni uvumi tu, puuzeni". Kisha mwaka 2024 habari zikaenea kwamba kampuni ya AstraZeneca imekubali, katika nyaraka za mahakama kule Uingereza, kuwa chanjo yake ya korona inaweza kuleta tatizo hilo kwa nadra sana. Simu zikajaa sauti za WhatsApp. Waliochanja wakaanza kujikagua miguu, waliokataa wakasema si tuliwaambia, na kina mama wenye mabinti wa kuchanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi wakaanza kuuliza kama ni chanjo ileile.

Si ileile. Mimi nauza dawa Ngamiani, na maswali haya bado yanafika kaunta hadi leo. Nimeona niziweke chanjo ubavu kwa ubavu, pamoja na mambo mengine yanayogandisha damu ambayo hayapigiwi kelele, ili mtu akitaka kuchagua achague kwa kujua anachokikimbia na anachokikimbilia.

Tatizo lenyewe

Damu kuganda ni kazi ya kawaida ya mwili. Ukijikata kisu ukipara samaki, chembe ndogo zinazoitwa chembe sahani hukimbilia kwenye jeraha, zikashikana, zikaziba. Balaa huanza zikishikana ndani ya mshipa usio na jeraha lolote.

Kilichoonekana mwaka 2021 kiliwashangaza hata madaktari bingwa. Wagonjwa walikuwa na mabonge ya damu, tena sehemu zisizo za kawaida: kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo, na kwenye mishipa ya tumboni. Lakini damu yao ikipimwa, chembe sahani zimeshuka. Bonge na upungufu wa chembe sahani, kwa mtu mmoja, siku chache baada ya chanjo. Madaktari wa Norway, Ujerumani na Uingereza walilieleza karibu kwa wakati mmoja, Machi na Aprili 2021. Andreas Greinacher wa Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani, na wenzake walionyesha chanzo: mwili wa mgonjwa umetengeneza kingamwili dhidi ya protini iitwayo PF4, ambayo hutolewa na chembe sahani zenyewe. Kingamwili hizo zinaziamsha chembe sahani mwilini pasipo sababu. Zinashikana, zinaziba mishipa, na kwa kuwa zinatumika ovyo zinakwisha. Ndiyo maana mgonjwa huyohuyo anaweza kuzibwa mshipa wa kichwani na hapohapo akavuja damu.

Greinacher hakuanzia gizani. Tatizo linalofanana na hili lilikuwa linajulikana kwa miaka mingi kwa wagonjwa wachache wanaochomwa heparini, dawa ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwenye matibabu, nitalirudia.

Madaktari wanaliita kwa kifupi TTS au VITT. Ni ugonjwa mkali. Katika wagonjwa 220 wa mwanzo waliofuatiliwa Uingereza, zaidi ya mmoja kati ya watano walifariki. Mmoja wa waliokufa kwa ugonjwa huu alikuwa mtangazaji wa redio ya BBC kule Newcastle, mama wa miaka 44, na mchunguzi rasmi wa vifo alitamka wazi kwamba sababu ilikuwa chanjo. Mtu anayekwambia jambo hili halikutokea anakunyima haki yako ya kujua, hata kama nia yake ni njema.

Janssen na AstraZeneca upande huu, nyingine zote upande ule

Mama mmoja wa Makorora aliwahi kunisimamisha dukani na swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mwanangu, mimi nilichomwa ile ya mara moja hapahapa Tanga. Mdogo wangu yuko Likoni, yeye Kenya walimpa AstraZeneca. Sasa kati yangu na yeye, nani yuko hatarini?"

Jibu ni kwamba wote wawili walipata chanjo za ukoo mmoja. AstraZeneca, ambayo Kenya ilianza nayo Machi 2021, na Janssen ya Johnson & Johnson, ambayo Tanzania ilianza nayo tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, zote zinatumia virusi vya adeno. Hivi ni virusi vya jamii ya mafua, vimedhoofishwa visiweze kuzaliana, vikabebeshwa maelekezo ya kuufundisha mwili kukitambua kirusi cha korona. Ni aina hii ya chanjo, na hii peke yake kati ya zile za korona zilizotumika kwetu na kwa jirani, iliyohusishwa na TTS. Inaonekana sehemu ya kirusi hicho cha adeno ndiyo inayoukoroga mwili, maana baadaye, mwaka 2023, madaktari waliripoti tatizo kama hilohilo kwa watu waliougua tu virusi vya adeno vya mtaani bila kuchanjwa chochote.

Kwa hesabu, hizi mbili hazilingani. Uingereza ilihesabu takriban wagonjwa 15 kwa kila watu milioni moja waliopata dozi ya kwanza ya AstraZeneca, na wapatao 2 tu kwa milioni kwenye dozi ya pili. Kwa walio chini ya miaka 50 dozi ya kwanza ilifika karibu 20 kwa milioni. Janssen ilikuwa chini zaidi: Marekani, hadi Machi 2022, walithibitisha wagonjwa 60, tisa kati yao wakafariki, sawa na wagonjwa 3 na kidogo kwa kila dozi milioni moja. Wanawake wa miaka 30 hadi 49 ndio waliokuwa juu, kama 8 kwa milioni.

Milioni ni namba isiyoshikika, kwa hiyo niilete nyumbani. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Tanga watu 2,615,597. Kama wote hao, kuanzia Kilindi mpaka Mkinga, wachanga kwa vikongwe, wangechomwa Janssen, kwa kiwango cha Marekani tungetarajia wagonjwa 8 au 9 mkoa mzima. Kwa dozi ya kwanza ya AstraZeneca wangekaribia 40. Hao si wachache ukiwa wewe ndiye mume au mtoto wa mmojawapo. Lakini mama wa Makorora aliondoka akijua kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa na hatari kubwa kidogo, na kwamba hatari hiyo kwa wote wawili ilikwisha zamani. TTS hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 30 baada ya sindano, mara chache sana hadi ya 42, na wengi iliwapata wiki ya pili. Aliyechanjwa 2021 au 2022 akapita miezi miwili salama, ugonjwa huu haumvizii. Bonge la mguu analolipata leo lina sababu nyingine na linatakiwa litafutiwe sababu hiyo.

Upande wa pili zipo Pfizer na Moderna, ambazo hazina kirusi chochote ndani, ni maelekezo ya mRNA yaliyofungwa kwenye mafuta. Zipo pia Sinopharm na Sinovac za China, zinazotumia kirusi cha korona kilichouawa. Zote nne hazikuonekana kuleta TTS. Hiyo haina maana hazina doa. Pfizer na Moderna zimesababisha uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili. Wengi walipona, lakini kijana mwenye maumivu ya kifua baada ya kuchanjwa hatakiwi kuambiwa ni gesi. Sinopharm na Sinovac kasoro yake ni nguvu: kinga yake ni ndogo zaidi, na Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 60 na zaidi waongezewe dozi ya tatu.

Namba zilezile, uamuzi tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. "Kama Denmark waliikataa, kwa nini sisi tulipewa?" Ni swali la haki kabisa.

Denmark iliacha AstraZeneca tarehe 14 Aprili 2021, na Janssen ikafuata mwanzoni mwa Mei. Wakati huo korona ilikuwa imetulia kwao, wazee walikuwa wameshachanjwa, na Pfizer na Moderna zilikuwa zinaingia kwa wingi. Kwao, kijana wa miaka 25 akisubiri wiki chache hakupoteza kitu. Uingereza ilikaa katikati: iliendelea na AstraZeneca kwa wakubwa, ikawapa chanjo nyingine walio chini ya miaka 30 tangu Aprili, na chini ya 40 tangu Mei. Marekani ilisimamisha Janssen tarehe 13 Aprili baada ya wagonjwa 6 tu katika dozi takriban milioni 6.8, ikachunguza, ikairuhusu tena siku kumi baadaye, na mwaka uliofuata ikaibana ibaki kwa wasio na chaguo jingine.

Sisi Julai 2021 tulikuwa wapi? Wimbi la tatu lilikuwa limeshika, mitungi ya oksijeni inatafutwa, na chanjo iliyokuwa mkononi ni hiyo moja, dozi zaidi ya milioni moja zilizoletwa kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za korona. Chaguo la mtu wa Handeni lilikuwa Janssen au hakuna. Tena Janssen ilikuwa ya sindano moja na ilitunzwa kwenye friji ya kawaida ya zahanati, wakati Pfizer ilihitaji majokofu ya baridi kali kuliko barafu yoyote tunayoijua, nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa mzee wa miaka 65 mwenye kisukari, mimi ningesema Janssen bila kusita wakati ule, na ningesema hivyohivyo leo kama mazingira yangekuwa yale. Kwa binti wa miaka 30 mwenye afya njema, ningemwambia ukweli wote, nikamwachia aamue, na kama angeamua kusubiri aina nyingine nisingemlaumu.

Tatizo langu na wakati ule ni moja: wengi walichomwa bila kuambiwa dalili za kuangalia wiki ya pili. Kuambiwa kusingemtisha mtu. Kungemwokoa yule mmoja.

Ukipata nafasi ya kuchagua

Siku hizi uchaguzi umerahisika kwa sababu chanjo mbili zenye tatizo hili zimeondoka sokoni. Idhini ya Janssen ilifutwa Marekani mwaka 2023 kwa ombi la kampuni, na AstraZeneca iliondoa yake Ulaya Mei 2024 ikisema wateja wamekwisha kwa kuwa chanjo mpya zimejaa. Hata hivyo teknolojia ya virusi vya adeno haijafa, chanjo nyingine zinaweza kuja nayo, na mtu anayefahamu ukoo wa chanjo ataweza kuuliza swali moja tu: hii imetengenezwa kwa kirusi gani?

Mwanamke aliye chini ya miaka 50 akipewa chaguo, aende kwa mRNA au ya kirusi kilichouawa. Mjamzito, mRNA, ndiyo yenye ufuatiliaji mkubwa zaidi kwa wajawazito duniani. Kijana wa kiume anayeogopa habari za moyo anaweza kuzungumza na mhudumu kuhusu Sinopharm. Mzee mwenye presha au kisukari asitafute ukamilifu, achukue yenye nguvu iliyopo, asicheleweshe.

Aliyewahi kupata bonge la mguu la kawaida, baada ya kujifungua au baada ya ajali ya bodaboda, hazuiwi kuchanja; TTS inatokana na kingamwili, haihusiani na kuwa na "damu nzito". Mwenye selimundu naye hazuiwi, na maambukizi yenyewe yanamwumiza kuliko sindano. Anayetakiwa kuzikwepa kabisa chanjo za adeno ni yule aliyewahi kuugua TTS au kupata tatizo lile la heparini.

Mabonge yasiyoimbwa

Nikiweka hatari hizi pamoja, kuna kitu kinaniuma. Kwa kila wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala kuwa na mimba, 1 hadi 5 hupata bonge la damu kila mwaka. Wanaotumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili ni 3 hadi 9. Wajawazito ni 5 hadi 20. Na waliojifungua, katika zile wiki 12 za mwanzo, kiwango hupanda hadi 40 mpaka 65 ukikihesabu kwa mwaka. Linganisha na Janssen: wanawake 8 katika milioni ni chini ya mmoja katika 10,000, tena chini sana.

Ulinganisho huu hauko sawa kabisa, na ni vyema niseme. Bonge la mguu likiwahiwa linatibika vizuri, na wengi hupona. TTS iliua sehemu kubwa ya waliougua. Lakini mzazi aliyelala siku tano nyumbani Chumbageni baada ya upasuaji, mguu mmoja umevimba na unawaka, anakandwa maji ya moto na bibi, huyo yuko kwenye hatari iliyo karibu kuliko chanjo yoyote aliyowahi kuchomwa. Na korona yenyewe ilikuwa mgandishaji mkubwa. Utafiti wa watu zaidi ya milioni 29 wa Uingereza uliochapishwa Agosti 2021 ulikadiria kwamba kwa kila watu milioni 10, AstraZeneca iliongeza wagonjwa 66 wa mabonge kwenye mishipa ya vena, wakati kuugua korona kuliongeza 12,614.

Homa ya chanjo, malaria, denge, au bonge

Hapa Tanga ndipo penye ugumu wa kweli, na ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Ulaya mtu akiumwa kichwa kikali wiki ya pili baada ya chanjo, daktari anawaza bonge. Tanga akiumwa kichwa, kila mtu anawaza malaria, na kwa kawaida wana haki. Shida ni kwamba magonjwa haya yanafanana sura na yanafanana hata kwenye karatasi ya maabara.

Homa ya chanjo ina haraka. Inaanza jioni ileile au kesho yake: mkono unauma, mwili unavunjika, kichwa kinagonga, kuna kahoma. Siku ya tatu imekwisha. Hii inahitaji panadol, maji na usingizi, basi. Homa ya chanjo haianzi siku ya nane. Mtu akikwambia alipona vizuri kabisa, kisha siku ya tisa kichwa kikaanza upya, hiyo si homa ya chanjo tena.

Malaria haina kalenda ya chanjo. Inakuja na baridi ya kutetemeka, homa inapanda na kushuka, jasho, wakati mwingine kutapika. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache, na hakuna sababu ya kukisia. Ila kuna mtego: mtu wa pwani anaweza kuwa na vimelea na ugonjwa mwingine kwa pamoja. Kipimo kikisema malaria ipo, ukamaliza mseto, kichwa kikabaki palepale au kikazidi, usinunue mseto wa pili. Rudi.

Denge tunaijua vizuri tangu ilivyotupitia 2019, Dar es Salaam na hapa kwetu. Homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo kama vimepigwa rungu, baadaye vipele. Denge nayo inashusha chembe sahani, hasa homa inapoanza kushuka na mgonjwa anapojiona anapata nafuu.

Bonge la kichwani lina tabia zake. Kichwa hakisikii panadol. Kinazidi siku hadi siku. Mara nyingi kinauma zaidi ukilala au ukiinama kusujudu, na asubuhi kabla hujainuka. Macho yanaona ukungu au vitu viwili viwili, mtu anatapika, anachanganyikiwa, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, au anapata degedege ukubwani. Bonge la tumboni huleta maumivu makali ya tumbo yasiyoisha. La kifuani, pumzi inakata. La mguuni, mguu mmoja unavimba, si yote miwili. Na kwa kuwa chembe sahani zimeshuka, angalia ngozi mbali na pale ulipochomwa: vidoti vyekundu vidogo kama vya ncha ya kalamu, au michubuko isiyo na sababu.

Sasa karatasi. Kipimo cha picha kamili ya damu, kile wanachokiita FBP, hutoka na safu ya namba. Shuka nayo mpaka mstari ulioandikwa PLT. Hiyo ndiyo hesabu ya chembe sahani. Kawaida huanzia 150 kwenda juu. Ikiwa chini ya 150, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa denge, inaweza kuwa TTS. Kinachozitenganisha ni historia: ulichanjwa lini, na nini? Mgonjwa mwenye kichwa kikali, PLT ya 60, kipimo cha malaria hakijaona kitu, na aliyechanjwa chanjo ya adeno siku kumi zilizopita, anahitaji daktari siku hiyohiyo, kipimo cha D-dima, yaani kipimo cha damu kinachodokeza kama kuna bonge mwilini, na CT scan ya kichwa inayoonyesha mishipa.

Ndipo linarudi lile la heparini. Bonge la kawaida mara nyingi huanzwa na heparini. Kwa TTS miongozo ilisema iepukwe, itumike dawa nyingine ya kuzuia kuganda, na mgonjwa apewe kingamwili za mshipani kwa dozi kubwa. Kuongezewa chembe sahani nako kulikwepwa isipokuwa kwa dharura, maana ni kama kumwaga petroli juu ya moto. Kwa hiyo maneno "nilichanjwa tarehe fulani, chanjo fulani" yanabadilisha dawa anayoandikiwa mtu. Yaseme mwenyewe ukifika mapokezi, uwe hospitali ya Bombo au kituo cha afya Pangani, usingoje kuulizwa. Piga picha kadi yako ya chanjo ikae kwenye simu, ile sehemu yenye jina la chanjo, tarehe na namba ya toleo, kwa sababu kadi zenyewe zikishaloa na mvua wino unapotea.

Dawa ya kaunta: panadol au diklofenaki

Hili ni la kwangu kabisa, nalijibu kila wiki. Mtu ana homa baada ya chanjo, au homa tu, anataka "kitu kikali", anataja diklofenaki au ibuprofeni. Panadol. Kwa mtu mwenye denge au chembe sahani zilizoshuka kwa sababu yoyote, diklofenaki, ibuprofeni na asprini zinaongeza kuvuja damu, na kwenye kaunta hakuna anayeweza kujua chembe sahani zako ziko ngapi.

Asprini ndogo kabla ya chanjo, ili "kuilainisha damu", haisaidii. TTS haizuiliki kwa asprini, na ikitokea umemeza asprini juu yake umeongeza tatizo. Tangawizi na kitunguu saumu kuleni kwenye pilau.

Za watoto na mabinti

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania inawapa wasichana wa miaka 9 hadi 14 na tangu 2024 kwa dozi moja, haina kirusi cha adeno na haina kirusi hai chochote. Ni maganda matupu ya protini ya kirusi cha HPV. Haina TTS. Wasichana wengine huzimia wakichomwa, kwa woga na kusimama juani kwenye foleni, ndiyo maana hukalishwa dakika 15. Mama anayeikataa kwa kuiogopa AstraZeneca anamwacha binti yake bila kinga dhidi ya saratani inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote hapa nchini.

Surua na rubela ya watoto iko tofauti kidogo. Chanjo za surua zinaweza kushusha chembe sahani. Kwa ile ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela ni kama mtoto 1 kati ya 30,000 hadi 40,000. Lakini hapo hakuna mabonge, kuna michubuko na vidoti vyekundu, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Kuugua rubela yenyewe hushusha chembe sahani mara nyingi zaidi kuliko chanjo. Mtoto akitoka vidoti au damu ya puani isiyokoma katika wiki sita baada ya chanjo hiyo, mpeleke akapimwe FBP, na umwonyeshe daktari kadi yake ya kliniki. Homa ya siku mbili na kulialia usiku ni ya kawaida: panadol ya maji kwa kadiri ya uzito wake, na ziwa la mama kila anapolitaka.